Kufufua Mount Gelai na kuipeleka SGR: jibu la mtu wa kutia mafuta

Wakuu, mleta mada ameuliza kwa nini ile injini kubwa ya mvuke ya makumbusho ya reli Nairobi, 5918 Mount Gelai, isiwashwe tena ikavuta watalii hadi Mombasa kwa SGR, ile reli mpya ya kisasa. Wengi mmemjibu kwa utani, eti atafute kuni kwanza. Swali si la kipuuzi hata kidogo, ngoja nimjibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono yangu.

Niko Uingereza mwaka wa kumi na nne sasa. Saba kati ya hiyo, wikendi zangu nyingi zimeishia kwenye kikosi cha watu wa kujitolea wanaotunza injini moja ya mvuke, ambayo huingia njia kuu na kupishana na treni za umeme. Babu yangu alikuwa mchochea moto Voi enzi za East African Railways, kwa hiyo ugonjwa huu nimeurithi.

SGR tuimalize haraka. Mount Gelai ni ya reli yenye upana wa mita moja, SGR ina upana wa milimita 1,435. Ni kweli kiwanda cha Beyer Peacock kilipozitengeneza hizo Garratt (injini ndefu za mvuke zenye viungo) za aina ya 59, pale Manchester miaka ya 1955 na 1956, kiliacha nafasi ya kuzihamishia kwenye reli ya milimita 1,067, maana kulikuwa na ndoto ya kuungana na reli za kusini. Lakini kutoka 1,000 hadi 1,067 ni kusogeza magurudumu. Kufika 1,435 ni kuunda injini nyingine. Kwa hiyo ikifufuliwa, kwao ni reli ile ya zamani, na huko ilishakimbia tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikavuta treni za watalii. (Na Watanzania msije mkanisahihisha: najua mlima Gelai wenyewe uko kwenu, kando ya Ziwa Natron.)

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Watu wanadhani shida ni kuwasha moto. Moto ndio rahisi. Tunaanza jana yake, kwa vipande vya mbao na matambara yaliyolowa mafuta, polepole makusudi. Tanuri la injini yetu ni la shaba na boila ni la chuma; vikipata moto havitanuki sawasawa, na ukikimbiza moto unapasua kitu. Kutoka baridi hadi stimu kamili ni karibu siku nzima, na mtu halali mbali. Anaangalia kioo cha maji. Maji yakishuka chini ya paa la tanuri, plagi za risasi (ile metali laini) zilizo kwenye paa hilo zinayeyuka na mvuke unazima moto wako kwa aibu kubwa. Plagi zikishindwa kazi, boila linaweza kulipuka.

Ndiyo maana boila lina mkaguzi wake kila mwaka, na kila baada ya miaka kumi hivi linashushwa, mabomba yote yanatolewa, ribiti zinagongwa moja moja. Hapo ndipo pesa inakoishia. Flying Scotsman, injini maarufu ya mvuke ya huku, iliyorudi njiani mwaka 2016, ilikula zaidi ya pauni milioni 4.

Lakini kilichonifundisha mimi ni utambi. Utambi kabisa, kama wa kibatari. Juu ya kila beringi ya ekseli kuna kikopo cha mafuta chenye kibomba katikati. Unachovya nyuzi za sufu, ncha moja kwenye mafuta, nyingine ndani ya kibomba, na mafuta yanapanda yenyewe na kudondoka kwenye beringi tone kwa tone. Injini ikilala, unavuta utambi nje, la sivyo kikopo kinakauka usiku kucha bila faida. Asubuhi unaurudisha. Vikopo ni vingi, na kazi hiyo inafanywa saa kumi alfajiri kwa tochi, umejikunja chini ya injini.

Mwaka wangu wa pili, nilisahau mmoja.

Tuliondoka vizuri, watu wanapiga picha kwenye madaraja. Tuliposimama kujaza maji nikapita kugusa makasha ya ekseli kwa mgongo wa mkono, kama wazee walivyonielekeza. Ukitumia kiganja kikaungua huna mkono wa kazi. La kwanza vuguvugu. La pili hivyo hivyo. La tatu niliruka nyuma kabla mkono haujatua. Rangi ilikuwa imevimba, na ile metali laini ya ndani ya beringi imeanza kuchuruzika. Safari ya mvuke ikafia hapo, dizeli ikaja kutuvuta. Nyuma yetu treni za kawaida zimesimama, na huku kila dakika ya kuchelewa inaandikwa na inatafutiwa mwenyewe wa kuilipa. Mzee aliyekuwa kiongozi wetu hakunigombeza. Aliniambia nitoe vitu mifukoni. Utambi ulikuwa kwenye mfuko wa ovaroli yangu, mfuko wa kushoto.

Jambo la pili ambalo mleta mada hakulitaja ni maji. Enzi za babu, matangi ya maji yalikuwa njia nzima. Huku pia yaling'olewa baada ya mvuke kufutwa mwaka 1968, kwa hiyo sisi tunapanga lori la maji litukute stesheni fulani saa fulani, au tunaomba bomba la zimamoto. Lori likikwama kwenye foleni, umekwisha. Garratt inabeba lita karibu elfu 39 na bado inaomba. Nani atalipeleka lori Mtito Andei, katikati ya njia ya Mombasa?

Njia za kisasa nazo zina masharti yake. Injini ya zamani lazima ifungwe redio, kifaa cha kuisimamisha ikipita taa nyekundu, na kinasa mwendo, vyote kwenye kibanda chenye joto, majivu na mtetemo. Kasi yetu haivuki maili 75 kwa saa. Chini ya nyaya za volti 25,000 hakuna kupanda juu ya makaa, hata yakikwama. Wa SGR ya Tanzania, ambayo ni ya umeme, hilo liwaingie kabla hamjaanza kuota.

Kwa hiyo, ndugu mleta mada: inawezekana, kwa safari fupi kutoka Nairobi kwenye reli ya zamani. Mount Gelai inachoma mafuta mazito, hilo linapunguza taabu ya makaa. Ukienda makumbusho, omba ruhusa, inama upande wa magurudumu, ufunue vifuniko vya vikopo vya mafuta. Ukikuta nyuzi zozote ndani, hata zilizokauka, nipigie picha uniwekee hapa.