Kabati namba 31

Umeuliza ni filamu gani ya utotoni iliyotuachia woga usioisha. Kwangu ni Return to Oz ya mwaka 1985, na sioni nyingine ya kuikaribia. Unaambiwa ni ya watoto, ya Disney, halafu mwanzoni tu msichana Dorothy anapelekwa kwa daktari akatibiwe kwa umeme, kisa hapati usingizi na kila mara anaitaja Oz, nchi ya ajabu anayodai aliwahi kufika.

Lakini aliyenimaliza ni Mombi, mchawi wa huko Oz. Yule mama ana ukumbi wa makabati ya vioo, kila kabati na kichwa cha mwanamke kilicho hai, naye huvivaa kwa zamu kama vilemba. Usiku Dorothy ananyata kwenda kuiba unga wa uhai, ule wa kuvifanya vitu viwe hai. Anafungua kabati namba 31, na kichwa chenyewe kinafumbua macho na kumwita kwa jina! Vingine vyote vinapiga mayowe, na kule kitandani kiwiliwili kisicho na kichwa kinainuka na kumfuata.

Damu hata tone hakuna, ndiyo maana mzazi anaweza kuiwasha bila wasiwasi. Mwongozaji wake, Walter Murch, hakuongoza tena filamu nyingine ndefu, na kwa kweli ni hasara kubwa. Wadogo msiwawekee usiku.