Kinyungu cha Babu Kimekauka, Naweza Kufugia Samaki?

SWALI: Kamwene mtaalam. Mi niko huku Mufindi, babu katuachia bonde lenye ule udongo mweusi wa kinamasi. Zamani walichimba mitaro maji yakatoka wakawa wanalima vinyungu, yaani bustani za bondeni za kiangazi, kabichi na viazi, siku hizi udongo umeshuka, kiangazi unapasuka, na mwaka jana moto uliingia chini ukawa unafuka moshi tu hauzimiki. Sasa nataka mabwawa ya samaki, jamaa kaniambia niite eskaveta tuondoe udongo mweusi wote. Maji ya pale yana rangi kama chai ya rangi. Itawezekana kweli?

JIBU: Kamwene kaka. Inawezekana, ila huyo wa eskaveta asubiri kwanza. Udongo huo ni majani na mizizi iliyolala kwenye maji miaka mingi sana bila kuoza vizuri kwa sababu hewa haikuifikia, sasa mlipotoa maji hewa ikaingia, ndo maana unaoza, unashuka na kushika moto kwa chini, na kaboni yote iliyokuwa imelala humo inapaa hewani. Ukiuchimba wote ukaumwaga pembeni unamalizia tu kazi iliyoanzwa na mitaro. Indonesia walifanya hivyo kwa ukubwa wa kutisha, miaka ya 90 serikali yao ilichimba mifereji kwenye vinamasi vya Kalimantan ili walime mpunga, mpunga ukagoma na mwaka 1997 moto ukala maeneo makubwa, na leo kazi yao ni kuziba ile mifereji maji yarudi. Kuna sehemu wanafuga samaki hapohapo kwenye maji yaliyorudi.

Na wewe anzia hapo, ziba mitaro ya babu. Zuia maji kwa vizuizi vya udongo wa mfinyanzi na magogo, bonde lilowe tena. Halafu chukua nondo ndefu uichomeke sehemu mbalimbali mpaka igonge pagumu. Katikati ya bonde ambako inazama zaidi ya mita, pasahau, acha matete yaote. Ukingoni kule karibu na mlima ambako mweusi ni kiduchu na chini kuna mfinyanzi ndo pa kuchimba. Finyanga tonge la ule udongo wa chini likiwa na unyevu, lirushe juu ulidake, lisipovunjika linashika maji. Kingo za bwawa usijenge kwa udongo mweusi hata kama uko mwingi na ni wa bure, ukikauka unanywea na kupasuka, maji yanavuja usiku kucha.

Sasa hiyo rangi ya chai. Maji ya hivyo mara nyingi ni makali, yana tindikali, nunua vikaratasi vya kupimia pH, yaani kipimo cha ukali wa maji, namba ikishuka ukali umezidi, upime asubuhi na jioni, perege anataka 6.5 kwenda juu. Ikiwa chini ya hapo mwaga chokaa ya kilimo kwenye sakafu ya bwawa na kingo zake kabla ya kujaza maji, bwawa la mita 10 kwa 20 anza na kilo 40, udongo ukiwa mkali sana itabidi uongeze. Usitumie chokaa ya kupaka nyumba samaki wakiwa ndani, inapandisha pH ghafla na inaua. Samadi isubiri wiki mbili. Na ile ya kuzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko ukiona kiganja kimepotea unasema maji yameiva, kwako itakudanganya, kiganja kitapotea kwa sababu ya rangi tu wakati chakula cha asili hamna, kwa hiyo jipange kununua chakula. Mvua za kwanza pia kuwa makini, maji yanayotiririka kutoka kwenye udongo mweusi uliokauka yasiingie bwawani, chimba mfereji wa kuyapitisha pembeni, vinginevyo asubuhi unakuta samaki wote wako juu wanahema.

Kabla ya yote pita kwa afisa mazingira wa halmashauri na watu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji upate kibali cha maji. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 toka kingo za mto. Na tafadhali sana, milingoti (mikaratusi) usipande bondeni.

SWALI: Shikamoo. Niko Makete, perege wangu toka mwezi wa sita hawali, chakula kinaelea tu. Niwabadilishie?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usibadilishe, punguza. Hiyo ni baridi. Perege anakua vizuri maji yakiwa nyuzi 25 mpaka 30, yakishuka chini ya 18 hivi anaacha kula, na yakifika 10 au 11 anakufa. Chakula kinachobaki kinaoza na kumaliza hewa, mpe kidogo saa nane mchana jua likiwa limepasha maji. Hakikisha upande mmoja wa bwawa una kina cha mita moja na nusu, maji ya chini hayapoi haraka, na usiruhusu maji ya mtoni yapite bwawani mchana na usiku, yanakuletea baridi bure. Msimu ujao pandikiza vifaranga mwezi wa tisa au wa kumi, waulizie kituo cha Ruhila pale Songea, uvune kabla baridi haijarudi.