Usilitupe shati kwa sababu ya kola

Shati langu jeupe la kazini lilifika mahali mgongo, mikono na mifuko bado ni imara, ila pale kola inapokunjikia shingoni, nyuzi zimelika mpaka kitambaa kigumu cha ndani kinachungulia. Nilikuwa nimeshalikunja niligeuze dasta. Fundi anayeshonea barazani jirani na kwetu akalichukua, akainua kola, akaniambia, "Dada, mbona upande wa chini haujaguswa?"

Aliifumua kola peke yake kwa wembe, mshono mmoja baada ya mwingine, kutoka kwenye ule mkanda unaokaa shingoni. Kabla ya kuitoa alitia alama ya chaki katikati ya kola na katikati ya mkanda, maana ikirudi imehama hata nusu sentimita, ncha moja itaonekana ndefu kuliko mwenzake. Akaigeuza, upande uliolika ukaenda chini, akairudishia palepale. Nililivaa miaka mitatu zaidi. Kola yenye tundu za vifungo kwenye ncha haifai kugeuzwa hivi, lakini za kawaida nyingi zinakubali.

Tangu siku ile, kabla sijaitoa nguo kabatini naikagua kipande kwa kipande: kilichozeeka hasa ni nini? Mara nyingi ni kitu kimoja tu.

Koti langu la mtumba la bluu, kwa mfano, lilichokeshwa na vifungo vya plastiki vilivyopauka. Nikaenda Kariakoo kutafuta vya mbao, bila koti, nikakadiria kwa macho. Nilirudi na vifungo vya milimita 23 kwa tundu za vifungo vya 20. Havikupita hata kimoja. Nenda na nguo yenyewe, au angalau kifungo kimoja cha zamani, na uangalie unene pia, kwa sababu kifungo kinene kinadai tundu refu zaidi.

Na unapokishona kwenye kitambaa kizito, laza njiti ya kiberiti juu ya kifungo, katikati ya matundu yake, upitishe uzi juu yake. Ukimaliza chomoa njiti, vuta kifungo juu, zungushia uzi mara tatu nne chini yake, ndipo ufunge fundo. Hapo kifungo kinapata shingo, na koti likifungwa halikunjamani.

Kola au mfuko wa kitenge huipa gauni la rangi moja uhai mpya, nami napenda sana. Ila fua kitenge kwanza, mara mbili tatu, mpaka maji yatoke safi. Mimi sikufua, wekundu ulichuruzikia mabegani mwa gauni la rangi ya maziwa, na haukutoka.

Zipu ikigoma kufunga, usikimbilie kubadili yote. Kama meno yake ni mazima, kilicholegea huwa ni kichwa, na kichwa hubadilishwa peke yake. Mabega ya koti ndiyo ningekushauri uyaache: fundi atalazimika kutoa mikono, bitana na pedi, na gharama itapita thamani ya koti.

Leo nina gauni la shule la binti yangu, amerefuka. Nimefumua pindo, lakini mkunjo wa zamani umeacha mstari uliopauka kuzunguka gauni zima. Nimenunua utepe wa bluu wa sentimita mbili. Jioni nitaushonea juu ya mstari huo.