Borobudur kwa siku moja: tiketi, ndara na ukuta wa kuanzia

Mkuu uliyeuliza kama siku moja kutoka Yogyakarta inatosha kuliona Borobudur, hekalu la Kibuddha kisiwani Java, Indonesia: inatosha, ni kilomita 40 hivi. Kasoro ni kwamba wengi hukimbilia juu kupiga picha kwenye stupa, zile kuba za mawe zenye umbo la kengele, na utamu wa pale uko chini.

Tiketi ziko mbili. Ya uwanjani inakufikisha miguuni pa hekalu tu. Ya kupanda ina zamu za muda maalumu, na wanaopanda kwa siku wamewekewa kikomo. Inunue mtandaoni mapema, kwani anayefika getini akitegemea bahati huishia kuzunguka bustanini. Wapandaji huvaa upanat, ndara za kusuka, maana soli ngumu zimezila ngazi za mawe ya volkano. Chagua zinazokukaa sawasawa. Ngazi ni kali na vimo vyake havilingani.

Unapanda na kiongozi, na zamu ni fupi. Mwombe tangu chini mkawie kwenye ujia wa kwanza. Anzieni mashariki, mzunguke hekalu likiwa kuliani kwenu, kama wafanyavyo mahujaji. Maana yake nakshi za ukuta mkuu, ulio kuliani kwenu ujiani, zinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Ukizunguka kinyume utamkuta Buddha anahubiri kabla hajazaliwa. Hekalu zima lina vipande 2,672 vya nakshi, lakini vile 120 vya safu ya juu ya ukuta huo, maisha yake hadi hotuba ya kwanza, ndivyo rahisi kuvifuata. Safu ya chini ina merikebu zenye magogo ya ubavuni ya kuzizuia zisipinduke. Aliyezoea ngalawa hahitaji kuelezwa.

Juu kuna stupa 72 zenye matundu, na hakuna kivuli hata kidogo. Usiingize mkono kugusa sanamu zilizomo, hata ukiambiwa inaleta bahati.

Ukishuka, nenda kona ya kusini-mashariki ya msingi. Vipande 160 kuhusu malipo ya matendo vilizibwa kwa mawe zamani na kugunduliwa 1885. Vichache vimeachwa wazi hapo.

Na hekalu la Mendut, kilomita 3 tu mashariki, lina Buddha wa jiwe wa mita 3 hivi, ameketi ndani ya chumba chake. Litaje kwa dereva kabla hamjapatana bei.