Smuthi nzito bila tone la maziwa: maswali yenu kuhusu maembe, ndizi na njugu

Tangu maembe yaanze kujaa soko la Kibuye hapa Kisumu, wengi wenu mnauliza jambo moja kwa njia tofauti: nifanyeje smuthi iwe nzito na laini bila kutia maziwa? Nimechagua maswali manane. Kabla sijaanza, hili liwe wazi kwa wote. Ule uzito mnaoupenda kwenye maziwa unatokana kwa sehemu kubwa na mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji. Mafuta ya namna hiyo yamo kwenye njugu, korosho, nazi na avokado, na vyote vinauzwa Kisumu, Kakamega na Nakuru. Anayetumia pesa nyingi kwa pakiti ya maziwa ya lozi kutoka ng'ambo, huku mama wa njugu ameketi nje ya soko, anajiumiza bure.

Dada, nikisaga maembe na njugu kwa maji napata kinywaji chepesi chenye chenga, na kikikaa kidogo maji yanajitenga. Blenda yangu ni ya kawaida tu. Nakosea wapi? (Msomaji, Kondele)

Nadhani unatia kila kitu kwa pamoja. Njugu zikielea kwenye maji mengi na matunda, zinakikwepa kisu. Zinarushwa huku na huku na mwishowe unakunywa vipande. Zisage kwanza peke yake.

Kwa glasi mbili kubwa, chukua robo kikombe ya njugu karanga zilizokaangwa na kutolewa lile ganda jekundu. Ziloweke kwenye maji moto kwa nusu saa hivi, kisha umwage maji hayo. Ukitumia korosho mbichi, ziloweke kwenye maji moto kwa saa nzima, au kwenye maji baridi ndani ya friji usiku kucha. Zitie kwenye blenda na nusu kikombe tu cha maji safi. Saga kwa dakika moja, zima, kwangua zilizonata pembeni, kisha saga tena. Usiache kuzima, kwa sababu mota ya blenda ndogo ikikazwa mfululizo hupata moto na kuanza kunuka.

Sasa zima kabisa, chomoa waya, uchote kidogo kwa kijiko na usugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukihisi mchanga, rudisha kwenye stima usage tena. Ukihisi utelezi mtupu, na ncha za vidole zikabaki ziking'aa mafuta, hayo ndiyo maziwa yako. Watu wengi hawana subira ya kufika hapa, kisha wanalaumu blenda.

Ndipo utie embe moja kubwa, ndizi mbili zilizogandishwa, maji ya nusu ndimu na chembe ya chumvi. Chumvi usiiache, ndiyo inayofanya embe lisikike. Ongeza maji kidogo kidogo, yasizidi nusu kikombe kingine.

Ndizi ziwe zimeiva hadi ganda liwe na madoa meusi, maana kufikia hapo wanga mwingi umeshageuka sukari. Zimenye, zikate vipande, ziweke kwenye friza usiku kucha. Ndizi iliyoganda inaleta baridi na uzito kwa pamoja, lakini barafu ikiyeyuka inakuachia maji tu. Ndizi hiyohiyo, pamoja na mafuta ya njugu, husaidia kuzuia kule kujitenga unakolalamikia.

Kuhusu embe, lile tunaloita Apple na lile la Ngowe yana nyama laini. Maembe madogo ya kienyeji yananukia vizuri ajabu, nami nayapenda, lakini yana nyuzi. Yasage peke yake, uyapitishe kwenye chujio, ndipo uyachanganye na njugu. Kama huna friza, tia robo ya avokado badala ya ndizi moja. Avokado aina ya Hass hubadilika kuwa nyeusi ikiiva. Fuerte hubaki kijani, kwa hiyo ibonyeze kidogo karibu na kikonyo.

Nikinywa maziwa tumbo linajaa gesi na kuunguruma, lakini mala hainisumbui sana. Je, mimi ni mgonjwa? (Msomaji, Njoro)

Hali hiyo ni ya kawaida sana kwa watu wazima wa Afrika. Maziwa yana sukari iitwayo laktosi, na utumbo huhitaji kimeng'enya cha laktesi ili kuivunja. Kwa watu wengi kimeng'enya hicho hupungua baada ya utoto. Sukari isiyovunjwa huteremka hadi kwenye utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, na gesi ndiyo hiyo unayoisikia. Mala imeshachachuka kabla hujainywa, kwa hiyo sehemu ya laktosi imeshaliwa na bakteria. Mursik, yale maziwa yanayochachushwa kwenye kibuyu, vilevile.

Tofautisha hali hiyo na mzio wa maziwa. Mzio ni mwili kupambana na protini ya maziwa: vipele, kuvimba midomo, kutapika, hata kubanwa na pumzi. Mwenye mzio hafai kujaribu mala, wala maziwa ya mbuzi, kwa sababu protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Kama dalili zako ni hizi za pili, muone daktari kwanza, smuthi baadaye.

Hapa kwetu kuna njugu nyekundu ndogo na nyingine kubwa za rangi hafifu. Zipi ni bora kwa smuthi? Na mbona wakati mwingine inatoka chungu? (Msomaji, Busia)

Zote zinafaa. Nyekundu ndogo zina ladha nzito zaidi, kwa hiyo zipunguze kidogo zisilimeze embe. Kuhusu rangi sina zaidi ya hapo. La usafi ndilo ninalotaka ulisome mara mbili.

Njugu zisizokaushwa vizuri, au zilizohifadhiwa mahali penye unyevu, hushikwa na kuvu aina ya Aspergillus, na kuvu huyo hutoa sumu ya aflatoksini. Sumu hii huharibu ini na inaweza kuleta saratani ya ini. Mwaka wa 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua zaidi ya watu 100 nchini, wengi wao Ukambani. Kukaanga hakuiondoi yote, kuchemsha hakuiondoi, na kusaga kunaificha tu. Blenda ikishazunguka, huwezi tena kuona njugu mbovu.

Kwa hiyo nunua njugu mbichi uzikaange mwenyewe, na ukizipata bado ziko ndani ya maganda yake, bora zaidi. Zimwage kwenye sinia, uende mlangoni kwenye mwanga wa jua. Toa zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu, zenye unga wa kijani au wa manjano, na zilizobadilika rangi. Pasua kadhaa katikati uangalie ndani, kwa maana kuvu hupenda kujificha pale njugu inapogawanyika. Ukitafuna moja ikawa chungu au ikanukia uvundo, iteme. Zile mbovu usiwarushie kuku wala usimpe ng'ombe. Sumu hiyo huwadhuru, na kwa ng'ombe hupita hadi kwenye maziwa.

Wale wanaosaga siagi ya njugu sokoni wanafanya kazi nzuri, nami nawapenda kwa sababu hawaongezi sukari. Ila omba kuona njugu kabla hazijaingia kwenye mashine. Muuzaji mwaminifu hatachukia.

Uchungu mwingine hauna hatari. Huletwa na lile ganda jekundu, au na njugu zilizokaangwa hadi zikaungua. Na kama ulifikiria njugu mawe, zile tsimbande, zichemshe ziive kabisa kwanza. Hizo hazisagwi mbichi.

Mimi ni mwanafunzi, naishi kwenye chumba cha kupanga. Sina blenda, na stima hupotea kila mara. Nifanyeje? (Msomaji, Maseno)

Mwanangu, tumia siagi ya njugu, maana mwenye mashine ameshakufanyia kazi ngumu. Ponda ndizi moja iliyoiva sana na robo ya avokado kwa uma, bakulini, hadi pasibaki donge. Tia vijiko viwili vya siagi ya njugu na maji vuguvugu vijiko vitatu, ukoroge hadi siagi ilegee na kubadilika rangi kuwa nyeupe kidogo. Usianze na maji baridi, siagi itagoma. Kisha mimina glasi moja ya maji safi ya baridi kidogo kidogo huku ukikoroga, na mwishowe kamulia tunda moja la pasheni kupitia chujio. Mimina kwenye chupa yenye mdomo mpana, funga, utikise kwa nguvu. Kunywa papo hapo.

Mtoto wangu ana miaka miwili na amepatikana na mzio wa maziwa. Naweza kumpa smuthi ya njugu kila siku badala ya maziwa? (Mama, Mumias)

Mama, pole kwa wasiwasi. Njugu nazo huleta mzio mkali kwa baadhi ya watoto, na mtoto mwenye mzio mmoja anahitaji uangalizi zaidi. Muulize daktari wake kabla ya kuanza. Akikubali, anza na kiasi kidogo sana, mchana, ukiwa naye karibu. Iwe imesagwa laini kabisa, kwa sababu njugu nzima au vipande humkaba mtoto wa umri huo.

Kisha ujue kwamba maziwa ya njugu unayotengeneza nyumbani yana kalsiamu kidogo kuliko ya ng'ombe. Kalsiamu yake itafute kwenye chakula. Omena wanaoliwa wazima na mifupa yao, waliopikwa wakalainika na kupondwa vizuri, ni hazina iliyo karibu nawe. Sukuma wiki pia inasaidia. Smuthi iwe kitafunio chake cha saa nne, isichukue nafasi ya mlo. Na kwa wenye watoto chini ya mwaka mmoja: msiwape smuthi hii badala ya maziwa ya mama, wala msitie asali kwenye chakula chao.

Nilisaga nanasi na korosho asubuhi, nikaweka kwenye friji. Jioni ilikuwa chungu. Iliharibika? (Msomaji, Kakamega)

Huenda haikuoza. Nanasi bichi lina kimeng'enya cha bromelini kinachokata protini vipande vipande, na baadhi ya vipande hivyo ni vichungu. Papai lina cha kwake, papaini, hasa likiwa halijaiva. Baridi hupunguza kasi yake tu. Ukitaka kuweka hadi jioni, chemsha vipande vya nanasi kwa dakika tano, vipoe, ndipo usage. La sivyo, saga na unywe hapo hapo.

Nataka kuuza smuthi za njugu na ndizi pale steji. Nianzie wapi? (Msomaji, Ahero)

Ndugu yangu, anzia kwenye maji. Wateja wako watakusamehe smuthi isiyo tamu sana, ila kipindupindu hakina msamaha. Maji ya kusagia yawe yamechemshwa, ya barafu vilevile, na ya kuoshea matunda na glasi yawe safi. Watu wengi huchemsha ya kunywa, kisha wananunua barafu ambayo hawajui imetoka wapi. Kwa kugandisha ndizi hutahitaji barafu kabisa, na hapo unapata faida mara mbili.

Osha embe na nanasi kabla ya kumenya, kwa sababu kisu hubeba uchafu wa ganda na kuupeleka ndani. Saga mteja akiwa amesimama hapo, usitengeneze jagi zima asubuhi ukaliacha juani. Joto la Ahero unalijua. Pata cheti cha afya cha wanaoshughulikia chakula na kibali cha kaunti kabla ya siku ya kwanza. Na andika kwa herufi kubwa, mahali mtu atakapoona kabla hajalipa: INA NJUGU. Blenda iliyosaga njugu isitumiwe kwa mteja anayesema njugu zinamdhuru, hata ukiisuuza. Mwambie ukweli, anywe soda.

Nina ugonjwa wa kisukari. Binti yangu ananiambia smuthi ya matunda ni dawa. Ni kweli? (Mzee, Nyamasaria)

Mzee wangu, binti anakutakia mema, lakini si dawa. Embe moja na ndizi mbili mbivu ndani ya glasi ni sukari nyingi, na ukiyanywa hushuka haraka kuliko ukiyatafuna. Hapohapo, sikukatazi kabisa. Mwambie atumie nusu ndizi ambayo haijaiva kupita kiasi, robo ya avokado, vijiko viwili vya njugu zilizolowekwa, tangawizi na ndimu. Asitie asali wala sukari. Kunywa glasi ndogo, pamoja na chakula, wala si juu ya shibe. Kama una kipimo nyumbani, pima kabla ya kunywa, kisha upime tena baada ya saa mbili, uandike namba zote mbili kwenye daftari. Daftari hilo ubebe siku ya kliniki, na dawa zako usizipunguze hata kidogo kabla daktari hajaliona.