Usikubali fundi afute taa ya injini kabla hujaandika namba ya kosa

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema taa ya injini imewaka, ukikanyaga mafuta mlimani inapepesa, fundi kakwambia atachomoa betri izime, na Ijumaa unaelekea Mbeya. Mimi nilipofika kwenye hilo la betri moyo ulinipiga paa.

Nilifanyiwa hivyo hivyo. Fundi alichomeka mashine ya kusoma makosa ya injini, akabonyeza kufuta, taa ikazima, akachukua hela yake. Kilichosomeka hakukiandika wala hakunionyesha. Kumbe gari ilikuwa inamisi: silinda moja haichomi, petroli mbichi inapita hadi kwenye ekzosi na kuungulia ndani ya masega, kile kisafisha moshi chenye vitundu vitundu. Kwa joto hilo masega huyeyuka yakaziba. Mlima Kitonga nilipanda nimekanyaga hadi mwisho na gari haina nguvu, malori ya mzigo yananipita, harufu ya mayai viza imejaa ndani. Iringa walipofungua ekzosi wakakuta masega yameshikana donge moja. Mashine ikasoma namba ya kosa P0302, yaani silinda ya pili haichomi. Koili moja tu, ile inayoipa plagi umeme! Ningeinunua siku ile ile kwa sehemu ndogo sana ya hela iliyoishia kwenye masega.

Mafundi wa aina hii wananiudhi mpaka leo, maana jibu wanalo mkononi na wanalifuta. Namba ikiwepo kazi ni nyepesi: koili ya silinda ya pili unaibadilisha na ya silinda ya kwanza, unawasha. Namba ikigeuka P0301, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, kaangalie plagi na nozeli inayonyunyizia petroli. Ukifuta unapoteza pia kumbukumbu ya kosa lilipotokea, injini ilikuwa inazunguka kiasi gani na ina joto gani. Kwenye magari mengi kuchomoa betri kunafuta vyote hivyo, na ubovu unabaki pale pale.

Taa ikiwaka bila kupepesa na gari inakwenda kawaida, unaweza kuendesha taratibu hadi gereji. Ikipepesa, toa mguu kwenye mafuta, tafuta pa kupaki. Kwa hali hiyo Mbeya usiende.

Tafuta fundi mwenye mashine, aisome mbele yako, na upige picha kioo chake kabla hajabonyeza kitu kingine chochote. Ukishaipata namba iweke hapa leo leo, tuiangalie pamoja.