Kelele za R6 Yangu Zilinidanganya

Juzi kijana mmoja wa Muheza kaniandikia: "Kaka, nikitoa masega, yale ya kusafisha moshi ndani ya ekzosi, nikafunga ekzosi ya wazi, pikipiki itaongeza nguvu?" Niliusoma ujumbe ule mara tatu, maana swali hilohilo niliwahi kuliuliza mimi, hapa Ngamiani, Tanga, na jibu nililopewa linaniuma mpaka leo.

R6 yangu, pikipiki ya mbio ya Yamaha, ni ya 2006. Toleo hilo Yamaha waliliwekea vali ndani ya ekzosi, wao huiita EXUP: mizunguko ya injini ikiwa chini inabana njia, ikipanda inafunguka. Fundi akaniambia, "Hii inaziba, injini haipumui." Akaing'oa pamoja na mota yake, akatoa masega, akachomelea bomba nene na sailensa tupu. Taa ya injini ikawaka, akasema niipuuze. Jioni nilipita Raskazone, kila mtu akageuka. Nilijiona mfalme.

Wiki haikuisha. Natoka Segera, niko gia ya sita, nataka kulipita lori la katani. Nikafungua mafuta, pikipiki ikasita, na mbele basi linakuja. Nilirudi nyuma ya lori kwa rehema za Mungu tu. Nilipomfuata fundi, alinijibu mbele ya watu kwamba sijui kuendesha.

Najua kuendesha. Tatizo lilikuwa bomba. Vali ya injini ya kutolea moshi ikifunguka, wimbi la mgandamizo hukimbia ndani ya bomba, na likifika linapotanuka hurudi kama mvuto. Likirudi wakati vali za moshi na za hewa zote ziko wazi kidogo, linanyonya moshi uliobaki na kuvuta hewa mpya. Likikosea muda, moshi unasukumwa kurudi ndani. Urefu na unene wa bomba ndivyo vinavyoamua hayo yatokee kwenye mizunguko ipi. Bomba langu lilifaa mizunguko ya juu tu, na R6 hutoa nguvu zake zote kwenye mizunguko 14,500 kwa dakika. Kati ya Pongwe na Muheza nani anafika huko?

Halafu petroli. Hewa ilizidi, kompyuta ya injini ikabaki na vipimo vyake vya zamani. Ukiachia mafuta inalipuka pa-pa-pa, na plagi nilizikuta nyeupe. Vijana wanaipenda milipuko ile. Jamani, mara nyingi hiyo ni dalili ya petroli kupungua au ekzosi kuvuja kwenye maungio, na injini inayokosa petroli inaweza kuungua!

Sasa nimerudisha EXUP na bomba la kiwandani, nimebadili sailensa peke yake, na petroli imepangwa upya. Inavuta laini tangu chini.

Kwa hiyo mdogo wangu, anza na kupanga petroli, kelele baadaye. EXUP usiiguse. Na ekzosi utakayofungua, ondoka nayo siku hiyohiyo. Yangu niliiacha gereji, nikaja kuambiwa imeuzwa chuma chakavu. Hii niliyorudisha niliitafuta Dar es Salaam miezi minne.